Kazi ya Haki na Kodi ya Chumba: Hesabu za Mwanza

Ukitaka kutetea wanyonge na bado ulipe kodi ya chumba, usianze kwa kuuliza shirika linapigania nini. Uliza nani analipa, analipa mpaka lini, na akiondoka ni nani mwingine atakayeuhitaji ujuzi wako. Naandika kwa ajili ya wanaomaliza vyuo vya Malimbe, Misungwi, Nyegezi na Bugando hapa Mwanza wakiwa na moyo wa kweli wa haki, kisha moyo huo unanyauka ndani ya miaka michache kwa kuwa hakuna aliyekaa nao na kalamu. Wengi wanaoiacha kazi hii hawaiachi kwa kuogopa dhuluma. Wanaiacha mwenye nyumba anapotaka kodi ya miezi sita huku mkataba wao umebakiza miwili.

Mwaka 2025 ulitufundisha kwa ukali. Januari, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Fedha hizo zilikuwa zimebeba sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI nchini, na watu waliofanya kazi nzuri walikaa nyumbani bila kosa lolote. Mhasibu wa mradi uliofungwa anaweza kubisha hodi hospitalini, kiwandani au halmashauri. Muuguzi vilevile. Lakini aliyekuwa na cheo cha "mhamasishaji" na bahasha ya vyeti vya semina hana mlango wa pili wa kubisha. Haki anayoipenda ni ileile na bidii yake ni ileile. Alichokosa ni ujuzi unaotembea.

Laki tisa zinavyofika mfukoni

Chukua tangazo linalosema mshahara ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Tuzifuate hizo laki tisa mpaka mwisho wa safari.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 upande wako, yaani 90,000, na mwajiri anaweka nyingine 10. Kodi ya mshahara, PAYE, inapigwa baada ya kuondoa mchango wako, kwa hiyo inaangukia kwenye 810,000. Viwango vya Tanzania Bara ni hivi: mpaka 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 ni asilimia 20, mpaka milioni moja ni 25, juu ya hapo ni 30. Ukifika 760,000 umeshadaiwa 68,000. Zile 50,000 zilizozidi zinaongeza 12,500, jumla 80,500. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, nayo ni 135,000. Unabaki na 594,500. Jirani yako wa meza ya pili ambaye hadaiwi na Bodi anaondoka na 729,500 kwa kazi hiyohiyo.

Sasa fungua upande wa pili wa daftari. Andika kodi ya chumba, chakula, daladala, maji na umeme, bando, dawa, na ile unayotuma nyumbani Magu au Sengerema. Ya nyumbani iandike kama matumizi ya lazima, maana ndivyo ilivyo. Wanaoiacha nje ya hesabu ndio wanaokopa kila tarehe 20. Tuseme jumla yako ni 520,000. Ukitazama haraka utaona zile 594,500 zinatosha na chenji inabaki.

Hazitoshi. Mkataba wa mradi ni wa miezi 12, na baada yake kuna pengo. Weka miezi minne ya pengo. Miezi minne mara 520,000 ni 2,080,000, ukigawa kwa 12 unapata kama 173,000 za kuweka pembeni kila mwezi. Kwa hiyo mahitaji yako halisi ni karibu 693,000 mkononi. Asiye na mkopo anafika kwa mshahara ule wa laki tisa, akibakiwa na kama 36,000. Mwenye mkopo anahitaji mshahara wa karibu 1,090,000 ili aishi maisha hayohayo. Fanya hesabu hii kwa namba zako kabla ya kwenda kwenye usaili. Ikiulizwa "unatarajia mshahara kiasi gani?", utakuwa na jibu lenye miguu, na utaweza kusema hapana bila kujiona umeisaliti jamii yako.

Ile akiba ya pengo usiiweke yote kwenye kikoba. Kikoba ni kizuri kwa ada ya shule na mtaji, lakini fedha yake inazunguka kwa wanachama na mgao unakuja mwisho wa mzunguko, si siku uliyopoteza kazi. Iweke mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache bila kumwomba mtu: akaunti ya akiba isiyo na kadi mfukoni, au mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao haukufungi kwa muda maalumu.

Na kama shirika kweli halina fedha zaidi? Yapo, tena ya watu waaminifu. Hapo zungumza mambo mengine: bima ya afya kwako na kwa wategemezi, kiinua mgongo mwisho wa mkataba, siku nne za kazi badala ya tano ili siku ya tano uiuze kwingine, ada ya mtihani wa kitaaluma. Yote yaandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya mkurugenzi mwenye nia njema huondoka naye akihamishwa.

Soma mkataba kabla ya kusaini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, saa 45 za kawaida kwa wiki, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na uzazi siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Malipo ya kuachishwa kazi ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa ukomo wa miaka 10. Hapa pana shimo ambalo watu wa miradi hutumbukia: malipo hayo hayamhusu mtu ambaye mkataba wake umefika tarehe na kuisha wenyewe. Unaweza kusaini mikataba mitano ya mwaka mmoja mmoja na kutoka mikono mitupu. Ndiyo maana kiinua mgongo kinadaiwa mwanzoni.

Shimo la pili ni mkataba wa "ushauri" kwa mtu ambaye kila siku anaingia saa mbili asubuhi, ana msimamizi, ana meza na anaomba ruhusa akiumwa. Anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 tu, kwa hiyo 900,000 inakuwa 855,000 na anafurahi. Lakini hana NSSF, hana likizo, na mapato yake anatakiwa ayapeleke TRA mwenyewe. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anategemea kipato cha huyo mmoja, anapewa vitendea kazi, au amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina lililoandikwa juu ya karatasi haliamui. Ukiachishwa, una siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1, na siku 60 kwa madai mengine. Watu hupoteza haki zao kwa kusubiri "tuone watasemaje" mpaka siku ya 31.

Nalisema hili bila kupepesa: shirika linalofundisha haki za wanawake mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, huku halimwekei mhudumu wake wa ofisi michango ya NSSF, halina haki ya kukuomba uvumilie kwa ajili ya jamii. Usisubiri kukisia. Baada ya mwezi wa tatu omba NSSF taarifa ya michango yako, uone kama kile kilichokatwa kwenye hati ya mshahara kimefika.

Ujuzi unaotembea

Katika ofisi za kutetea haki, mtu adimu kuliko wote ni yule anayejua kutunza fedha za mfadhili. Kazi yenyewe ina mambo machache yanayorudiwa kila wiki: kutoa masurufu, kuyarejesha kwa muda, kulinganisha bajeti na matumizi, na kutunza hati za malipo. Makosa ni yaleyale kila mwaka. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haina jina wala TIN (namba ya mlipakodi) ya shirika. Karatasi ya mahudhurio ya semina ya Ukerewe ina sahihi 30 za mwandiko mmoja. Ankara tatu za bei zimetoka maduka matatu yenye namba moja ya simu. Mkaguzi akifika anakataa gharama hizo, mfadhili anataka zirejeshwe, na shirika halina fedha yake yenyewe ya kurejesha. Hapo ndipo mishahara inaposimama, na wateja waliokuwa wakisubiri wakili au nyumba salama wanarudishwa walikotoka. Mhasibu makini anaokoa kesi nyingi kuliko anavyofikiriwa. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ina ngazi za chini za ufundi kabla ya ile ya juu ya CPA, kwa hiyo aliyesoma maendeleo ya jamii anaweza kuanza pale na kupanda huku anafanya kazi.

Wa pili ni mtu wa takwimu. Kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu kwa simu, ni jambo la wiki mbili za kujifunza, na ni bure. Kinachochukua muda ni kujua swali gani haliulizwi vile. Ukimuuliza mama wa Kayenze "umewahi kufanyiwa ukatili?" atasema hapana, ukimuuliza kitendo kimoja kimoja, kupigwa kibao, kusukumwa, kunyang'anywa fedha za mauzo, majibu yanabadilika. Maswali hayo hayaulizwi mume akiwepo, wala mbele ya mkwe, wala mtoto aliyeanza kuelewa. Akitokea mtu katikati, unageuza mazungumzo kuwa ya lishe au chanjo mpaka aondoke, na dodoso linatakiwa liwe na maswali hayo ya kujifichia tangu mwanzo. Mwanza ina soko la kazi hii: NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ina kituo hapa, na MITU, ambayo ni ushirika wa NIMR na chuo cha afya cha London, imefanya utafiti wa MAISHA juu ya ukatili wa wenza kwa kutumia vikundi vya mikopo vya wanawake. Ajira za ukusanyaji ni za miezi michache, zinalipa kwa siku, na zinafungua njia ya usimamizi wa takwimu ambao ni wa muda mrefu. Ukitaka kupanda, jifunze mapema Stata au R, programu za kuchambua takwimu.

Halafu kuna utajiri ambao watoto wa huku hawauandiki kwenye wasifu wao: lugha. Kisukuma safi, Kikerewe, Kijita. Dodoso likitafsiriwa na mtu wa mjini huwa maneno yake yanachekesha wazee wa Kwimba, na jibu linalotoka ni la swali jingine. Andika kwamba unaweza kutafsiri kwenda na kurudi, yaani mwingine akirudishe Kisukuma chako kwenye Kiswahili bila kuona cha awali, mkalinganishe. Hiyo ni huduma yenye bei.

Meza za serikali

Sipendi inaposemwa kwamba haki inapiganiwa na mashirika tu. Afisa Ustawi wa Jamii anayeamua mtoto aliyepigwa alale wapi leo, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anayepokea maombi ya mikopo ya halmashauri, hao wana nguvu ambayo shirika linaiomba kwa barua. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Afisa wa kata akiwa mzembe au mwenye upendeleo, inaishia kwa vikundi vya karatasi. Akiwa mwadilifu, muuza dagaa wa Igombe ananunua neti ya kuanikia bila kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani.

Mshahara wa kima cha chini serikalini ulipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na wenye diploma na shahada wanaanza juu ya hapo. Si fedha za kutajirisha, ila hazikatiki mradi ukiisha, na ule mzigo wa 173,000 za pengo unaondoka kwenye daftari. Ukiitazama hivyo, kazi ya serikali yenye mshahara mdogo kidogo inaweza kukuacha na nafasi zaidi kuliko mradi. Gharama yake ni nyingine: unapangiwa kituo, na kuna mambo huwezi kuyasema hadharani. Yapime.

Maombi yanapita Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na wengi huanguka kwa mambo madogo. Vyeti havijathibitishwa na wakili. Mtu amepakia hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe, haikubaliki. Majina ya NIDA na ya cheti yanatofautiana kwa herufi moja na hakuna hati ya kiapo. Barua haijasainiwa. Umri kwa kawaida haupaswi kuzidi miaka 45. Yashughulikie haya kabla tangazo halijatoka, kwa sababu siku 14 za tangazo hazitoshi kurekebisha jina.

Njia ya sheria ni ndefu

Kuna tofauti kubwa ya mfuko kati ya msaidizi wa kisheria na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa mhitaji ni bure. Kwa hiyo usaidizi wa kisheria peke yake si kazi ya kulipia chumba. Ni nguzo ya pili kwa mtu ambaye tayari ni mwalimu, mkulima, fundi au katibu wa kikundi. Wanaoumia ni wale walioacha kila kitu wakaufanya kazi kuu, wakawa wanaishi kwa nauli ya semina. Wengine wanaishia kudai "chochote" kwa mjane waliyemwandikia barua ya mirathi, na hapo ile haki yenyewe imeshauzwa.

Uwakili unaanza na shahada, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) Dar es Salaam, mwaka mwingine wenye ada na kuishi mbali na nyumbani. Usiingie ukidhani ni kupita tu: matokeo yaliyozua mjadala mwaka 2022 yalionyesha wanafunzi 26 waliofaulu moja kwa moja kati ya 633, wengine 342 wakirudia baadhi ya masomo na 265 wakiondolewa. Weka bajeti ya kurudia mtihani tangu mwanzo. Ukishapata, mchanganyiko unaofanya kazi Mwanza ni kesi za kulipwa kwa siku tatu au nne za wiki, za ardhi, mirathi, mikataba ya biashara, ili zibebe siku moja au mbili za wasio nacho. Andika mgawanyo huo kwenye kalenda. Usipouandika, ama njaa itakula siku za maskini au maskini watakula siku zote, na ofisi itafungwa.

Biashara yenye mizani ya haki

Kanda hii ina urithi wake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakajipanga, na chini ya uongozi wa Paul Bomani wakaunda mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Wale makarani waliosimamia mizani na vitabu walikuwa wanatetea haki, na walikuwa wanalipwa na wakulima wenyewe. Serikali ilivifuta vyama hivyo mwaka 1976 na ushirika ukarudishwa miaka ya 1980, ukiwa na majeraha. Elimu ya kuusimamia bado inatolewa karibu, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina kampasi yake Kizumbi, Shinyanga.

Leo mizani iko kwenye dagaa. Mwanamke anauziwa kwa ndoo mwaloni na kuuza kwa gunia Kirumba, na kila kipimo kinajazwa kilima na aliye na nguvu. Dagaa walioanikwa mchangani wanashika mchanga na wengi huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini. Walioanikwa juu ya vichanja vya neti, kimo cha kiuno, wanakauka pande zote na wanaliwa na watu. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayoweza kumlipa mtu wa kusimamia kikundi. Mfano: wanawake 25 wakiuza pamoja magunia 200 kwa mwezi, na kila gunia likatoa 1,500 kwa msimamizi, hiyo ni 300,000. Magunia yakipungua hadi 80, ni 120,000. Kwa hiyo asikubali kamisheni tupu. Apatane kiasi cha chini kisichobadilika na kamisheni juu yake.

Na magunia yatapungua, kwa ratiba inayojulikana. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti, mitumbwi inapumzika siku kadhaa kila mwezi. Mvua za Machi hadi Mei zinaozesha walioanikwa. Nimeona maandiko ya miradi ya mikopo yenye marejesho ya kila wiki kwa wanawake hawa, yaliyoandikwa na watu wenye nia njema kabisa. Wiki ya mbalamwezi mama hana senti, analipa kwa kukopa kwingine, au anamtegemea mwenye mtumbwi ambaye bei yake ni mwili. Ratiba ya marejesho ikifuata mwezi wa angani, marejesho mawili wakati wa giza na hakuna wakati wa mbalamwezi, dhuluma hiyo inapungua bila semina hata moja. Mtu anayejua mambo ya namna hii, tena akaweza kuyaweka kwenye jedwali la fedha, ana kazi benki, SACCOS, halmashauri na kwenye ushirika.

Kuna kazi ndogo pia ambayo naona inadharauliwa: kutunza vitabu vya vikoba kwa ada. Vikundi vya huduma ndogo za fedha sasa vinatakiwa kusajiliwa, vinahitaji katiba, daftari la hisa, la mikopo na la mfuko wa jamii, na hesabu ya mgao isiyoleta ugomvi. Miezi mitatu ya kwanza kikundi kinahitaji kuhudhuriwa kila wiki, baadaye mara moja kwa mwezi. Vikundi 15 kwa 10,000 kila kimoja ni 150,000 kwa mwezi, kiasi cha kujazia mshahara wa muda au kuziba sehemu ya pengo la miezi minne tuliyohesabu juu. Ada ikubaliwe na wanachama kwenye kikao na iandikwe kwenye muhtasari, isichukuliwe kimyakimya kwenye faini. Sanduku lisikae kwako hata siku moja, hata wakikuomba.

Kujitolea, na maswali ya usaili

Kujitolea kuna faida kama kuna mwisho. Miezi mitatu, nauli na chakula cha mchana vikilipwa, na kazi moja yenye jina utakayoondoka nayo: dodoso ulilotengeneza, mfumo wa kutunza majalada ya wateja, taarifa iliyotumwa kwa mfadhili. Ikifika mwezi wa sita bado unafotokopi na kupanga viti, hujitolei tena, unafanya kazi bila kulipwa katika ofisi yenye bajeti.

Ukiitwa kwenye usaili, subiri wakuulize kama una swali, halafu uliza haya kwa heshima. Nafasi hii inalipwa na mfadhili yupi, na fedha zake zinaisha tarehe ngapi? Mshahara umegawanywa kwenye miradi mingapi? Hili ni la muhimu: ukilipwa asilimia 60 na mradi mmoja na 40 na mwingine, wa kwanza ukiisha unaweza kubakizwa kwa 40 huku kazi ikiwa ileile. Miezi 12 iliyopita kuna mwezi wowote mishahara ilichelewa? Nani alikuwa kwenye nafasi hii kabla, na naweza kuzungumza naye? Wakikunyima namba yake, mtafute mwenyewe. Mwanza si kubwa kiasi hicho, kuna mtu wa Nyakato au Buhongwa atakuwa anamjua. Ukimpata, muulize mshahara wake wa mwisho uliingia tarehe ngapi, na kama michango yake ya NSSF imekamilika.